Hita, jiko la mkaa na baridi ya Njombe

SWALI: Nyumba yetu iliyoko pembezoni mwa mji wa Njombe imejengwa kwa tofali za kuchoma na kuezekwa kwa bati, ila vyumba vya kulala bado havijapigwa dari. Tangu Juni ianze tunawasha hita ya wati 2,000 kila jioni, na uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) zilizokuwa zikitutosha mwezi mzima sasa hazifiki hata katikati. Muuza duka ananishawishi ninunue hita ya mafuta, akisema kuwa hula umeme kidogo. Uniti zikikatika usiku, tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Wifi yangu anasema halina madhara mradi mkaa umekolea na hautoi moshi. Asubuhi bati hudondosha maji juu ya blanketi. Je, ninunue hiyo hita?
Mama wa watoto watatu, Njombe

JIBU: Kabla ya kuzungumzia fedha, ninakuomba jiko hilo lisilale tena chumbani, hata usiku wa leo. Wifi yako anaogopa moshi, kumbe kinachoua hakionekani: mkaa uliokolea ukawa mwekundu hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikivutwa huingia katika damu na kuikalia oksijeni nafasi yake. Aliye macho huanza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Aliyelala huzidi tu kulala. Kufukia makaa kwa majivu hakuizuii gesi hiyo, wala sufuria ya maji ambayo wengine huiweka kando ya jiko haisaidii kitu. Nimeanza na jambo hili kwa makusudi, kwa sababu karibu kila ushauri unaofuata ni wa kuziba mianya, na chumba kilichozibwa vizuri huku jiko likiwa ndani ni cha hatari kuliko kile cha mwanzo.

Sasa hita. Umeme wote unaoingia katika hita hugeuka kuwa joto, iwe ni ya waya unaowaka, ya feni au ya mafuta, kwa hiyo wati 2,000 ni wati 2,000 popote pale. Hita ya mafuta hubaki na uvuguvugu baada ya kuzimwa, lakini joto hilo ulikwisha kulilipia ilipokuwa ikichelewa kupasha chumba. Fanya hesabu yako mwenyewe: ukiwasha kuanzia saa 1 jioni hadi saa 5 usiku unatumia uniti 8 (wati 1,000 kwa saa moja ni uniti 1), yaani uniti 240 kwa mwezi. Ikiwa mmekuwa katika kundi la wateja wa matumizi madogo, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, hita peke yake inawapitisha hapo siku ya kumi, na bei ya uniti inayofuata si ile mliyoizoea. Usinunue hita nyingine.

Hayo maji yanayodondoka ndiyo yanayoeleza fedha zako zinakokwenda. Usiku usio na mawingu bati hupoa hata kuliko hewa iliyo nje. Hewa ya vuguvugu ya chumbani, pamoja na unyevu wa pumzi zenu, hupanda juu, hugusa bati, na kugeuka matone. Kwa maneno mengine, hita yenu imekuwa ikipasha paa. Kama mfuko unaruhusu jambo moja tu mwaka huu, pigeni dari, tena muanze na chumba kimoja ambacho familia yote inaweza kukaa jioni. Kwenu mbao za paini hazitafutwi mbali, na fundi akizichonga zikaingiana bila nyufa, hewa iliyotulia kati ya dari na bati itakuwa kinga. Wapo wanaomwaga maranda juu ya dari ili kuongeza joto. Mimi sishauri hivyo, kwa kuwa hapo ndipo nyaya za umeme hupita, na maranda hayahitaji cheche kubwa.

Baada ya dari, mlango. Washa kijiti cha udi jioni yenye upepo, ukipitishe polepole chini ya mlango, kando ya fremu za madirisha na pale ukuta unapokutana na paa; moshi ukiyumba, hapo pana mwanya. Upenyo wa sentimita 2 chini ya mlango wenye upana wa sentimita 80 ni sawa na kutoboa ukutani tundu la kupitisha ngumi mbili. Kitambaa kilichoshonwa mfano wa soseji na kujazwa vipande vya nguo kuukuu kinatosha kuuziba. Madirisha ya upande wa kaskazini yafunguliwe mapazia mchana, kwa sababu Juni na Julai jua lenu hupita upande huo, kisha yafungwe kabla halijazama.

Kitandani ni rahisi zaidi kumpasha mtu kuliko kukipasha chumba. Kuchemsha lita 2 za maji ya kujaza mpira wa maji ya moto wa kulala nao hutumia umeme ambao hita yako huumaliza kwa takriban dakika 6 au 7, hesabu ambayo hata muuza duka hataipinga.

SWALI: Mwenzangu tunayepanga naye anasema ni nafuu kuacha boila ya gesi (mtambo unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto) ikiwaka kidogo kidogo siku nzima kuliko kuizima na kuiwasha. Nikirudi kazini, mimi huweka kidhibiti cha joto kwenye nyuzi 30 ili nyumba ipate moto haraka. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Leicester, Uingereza

JIBU: Hakuna kati yenu. Nyumba hupoteza joto kadiri inavyozidi kuwa na joto kuliko nje, kwa hiyo kwa kawaida saa ambazo hamna mtu ndani ni gesi ya bure kwa ndege wa paani. Na kidhibiti si bomba la maji kwamba ukilifungua zaidi yatatoka kwa kasi: boila itawaka vilevile, ila haitasimama kwenye nyuzi 19 au 20 mlizozihitaji. Ikiwa boila yenu ni ya kisasa, isiyo na tangi la maji ya kuoga, shusheni joto la maji yanayokwenda kwenye rejeta, yaani vyuma vya ukutani vinavyopasha chumba, hadi karibu nyuzi 60, kwani boila ya namna hiyo huokoa joto lililomo katika mvuke wa moshi wake pale tu maji yanaporudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Rejeta hazitachoma mkono kama zamani, na chumba kitachukua muda kidogo zaidi kupata joto. Basi tegeni saa iwashe nusu saa kabla hujafika.