Maswali ya Wasomaji: Kiinitete Kisichotokana na Yai Wala Mbegu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamesoma mtandaoni kwamba wanasayansi wametengeneza kiinitete cha binadamu bila yai wala mbegu ya kiume, na wananiuliza kama kikipandikizwa kwa mwanamke atazaliwa mtoto. Niwajibu nini? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, waambie kwamba sehemu ya kwanza ya habari hiyo ina msingi wa kweli, na kwamba jibu la swali lao, kwa ushahidi uliopo, ni hapana. Mwaka 2023 kundi la Jacob Hanna katika Taasisi ya Weizmann, Israel, lilichukua seli shina za binadamu, yaani seli ambazo bado hazijashika kazi maalumu mwilini, likazirudisha kwenye hali changa zaidi, kisha likatumia kemikali kuzielekeza baadhi yake zifuate njia ya kondo la nyuma na nyingine njia ya vifuko vinavyokizunguka kiinitete, huku zilizobaki zikiachwa ziwe chanzo cha mwili wenyewe. Seli zipatazo 120 zilichanganywa kwa uwiano uliopimwa, zikaachwa zijipange. Katika takriban asilimia 1 ya michanganyiko hiyo zilijipanga kweli, mpaka zikapata umbo linalokaribiana na kiinitete cha siku ya 14, na hata kipimo cha kawaida cha mimba kilionyesha kuwa mimba ipo, kwa kuwa seli za upande wa kondo zilikuwa zinatoa homoni ileile inayotafutwa na kipimo hicho.

Ningependa wanafunzi wako wasiipite haraka ile asilimia 99 iliyoshindwa, maana huko ndiko tunakojifunza kwamba kuzipata seli zinazohitajika ni jambo moja na kuzifanya zishirikiane ni jambo jingine. Mwaka mmoja kabla ya hapo kundi hilohilo lilikuwa limefanya kazi kama hiyo kwa seli za panya, likiyakuza maumbo hayo yanayofanana na viinitete, yaani mifano ya viinitete, ndani ya chupa za kioo zilizokuwa zikizungushwa polepole, huku kiasi cha hewa na mgandamizo wake vikidhibitiwa. Kati ya michanganyiko 10,000 hivi, iliyokua sawasawa ilikuwa kama 50 tu. Hiyo michache ilifika siku ya nane ikiwa na moyo unaodunda na mwanzo wa ubongo, kisha ikaishia hapo, ilhali mimba ya panya huchukua siku zipatazo 20. Nchini China, mwaka 2023, watafiti walipandikiza mifano iliyotokana na seli za tumbili katika majike 8. Watatu walionyesha dalili za mwanzo za mimba, lakini hakuna kijusi kilichopatikana na dalili hizo zilitoweka. Kwa binadamu jaribio la namna hiyo limekatazwa na miongozo ya Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Seli Shina, na mimi naliunga mkono katazo hilo bila kusita.

Kwa hiyo wanachokisoma wanafunzi wako ni habari ya mfano. Mfano hutengenezwa ili kujibu swali fulani, na ubora wake hupimwa kwa swali hilo. Mtafiti anayetaka kujua kondo linavyoanza hahitaji mfano wenye moyo, na anayechunguza moyo anaweza kutumia mfano usio na kondo kabisa.

SWALI: Mbona katika habari hizi siku 14 zinatajwa kila mara? – Msomaji, Tanga

JIBU: Huo ni ukomo wa muda wa kukuza kiinitete cha binadamu maabara. Ulipendekezwa nchini Uingereza mwaka 1984 na kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock, ukaingizwa katika sheria ya nchi hiyo mwaka 1990, na nchi nyingine kadhaa zikaufuata. Kwenye siku hizo huanza kuonekana mstari unaobainisha upande wa kichwa na upande wa miguu, na baada ya hapo kiinitete kimoja hakiwezi tena kugawanyika kuwa mapacha kamili. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya viinitete vinavyotokana na yai lililorutubishwa. Mifano ya seli shina haikuwazwa wakati ule, na hapo ndipo penye kazi kubwa kwa watunga sheria, kwa sababu mfano unaweza kuruka hatua na kufikia umbo la siku ya 14 bila kupitia siku zote zilizotangulia. Kuhesabu siku peke yake hakutoshi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimba zangu tatu zimetoka katika wiki za mwanzo na hospitalini sikupewa sababu. Je, utafiti huu utanisaidia? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nitakueleza ukweli wote, hata usiopendeza: leo hii hakuna tiba ya kuzuia mimba kutoka iliyotokana na mifano hii, na yeyote anayekuuzia tiba ya seli shina kwa ajili hiyo usimpe fedha zako.

Hata hivyo, tatizo lako ni mojawapo ya sababu kubwa za utafiti huu kufanyika. Siku za mwanzo kabisa za kiinitete zinaweza kutazamwa katika maabara za upandikizaji, na wiki kadhaa baadaye kipimo cha picha huanza kuonyesha kitu. Katikati, kiinitete kinapojichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba, hakuna anayekiona, na mimba nyingi hupotea wakati huo, mara nyingine kabla mwanamke hajajua kuwa alikuwa nayo. Kwa miongo mingi wanasayansi walitegemea vielelezo vichache vilivyohifadhiwa, kama vile mkusanyo wa Carnegie nchini Marekani. Mwaka 2021 yalipatikana maumbo ya seli shina za binadamu yanayofanana na kiinitete cha wiki ya kwanza, yaitwayo blastoidi. Kundi la Nicolas Rivron huko Vienna lilikutanisha blastoidi na seli za ukuta wa mji wa mimba zilizooteshwa maabara. Seli hizo zilipokuwa zimeandaliwa kwa homoni, blastoidi zilinata. Zilipokuwa hazijaandaliwa, hazikunata. Zaidi ya hayo, zilinata kwa upande uleule ambao kiinitete halisi cha binadamu hutumia. Kwa njia hiyo watafiti wanaweza kubadilisha jambo moja baada ya jingine na kuona mnato unavunjika wapi, jambo lisilowezekana kwa mwanamke mwenye mimba.

Wewe usisubiri hayo. Baada ya mimba tatu kutoka, omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, uulize kuhusu vipimo vya kingamwili zinazosababisha damu kuganda, tezi ya shingo, kisukari, umbo la mji wa mimba, na kromosomu zako pamoja na za mwenzio. Baadhi ya matatizo hayo yana tiba leo.

SWALI: Ni kweli kuna ubongo unaooteshwa maabara? Unafikiri? – Msomaji, Entebbe

JIBU: Kuna vipande vya tishu ya ubongo, viitwavyo oganoidi, vilivyotangazwa mwaka 2013 na Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich huko Vienna. Havizidi sana punje ya pilipili manga, kwa sababu havina mishipa ya damu na seli za katikati hufa kwa kukosa oksijeni. Neva zake hupelekeana ishara za umeme, lakini hakuna ushahidi kwamba vinafikiri au kuhisi.

Msomaji wa Entebbe ana sababu ya kuvijali. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, jirani na mji wako, kwa tumbili aliyewekwa pale kwa ajili ya uchunguzi. Watoto wenye vichwa vidogo walipoanza kuzaliwa kwa wingi nchini Brazil mwaka 2015, watafiti walivitia virusi hivyo kwenye oganoidi wakaona vikizishambulia seli changa zinazozaa neva, na oganoidi zikidumaa. Hapo uhusiano kati ya virusi hivyo na vichwa vidogo, uliokuwa ukishukiwa, ukapata maelezo ya namna unavyotokea, bila kumgusa mama wala mtoto.

SWALI: Nikiombwa hospitalini nitoe damu kwa utafiti wa aina hii, nikubali? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Tangu Shinya Yamanaka wa Kyoto alipoonyesha, mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya mtu mzima inaweza kurudishwa kuwa seli shina, damu kidogo inatosha kuanzisha seli zitakazoendelea kuzaliana kwa miaka mingi. Mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani, zilichukuliwa huko Baltimore, Marekani, bila ridhaa yake na zinatumika mpaka leo, wakati familia yake haikuambiwa kwa miaka zaidi ya 20.

Mimi ningependa seli za watu wetu ziwemo katika tafiti hizi, kwa kuwa dawa iliyojaribiwa kwa seli za watu wa asili moja haina hakika ya kutufaa sote. Ila usitie saini kabla ya kuonyeshwa kibali cha maadili, ambacho kwa Tanzania huhusisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kabla ya kujibiwa kwa maandishi: seli zitapelekwa nchi gani, je, zitatumika kutengeneza mifano ya viinitete, na ukijitoa baadaye zitateketezwa au hapana. Ukiona swali mojawapo linakwepwa, kataa; ni haki yako, na matibabu yako hayapaswi kuathirika.