Kona ya Pedi: Kamera Inamwona, Bunduki Haimwoni

Haya jamani, mwezi huu meseji zimejaa na karibu zote zinalia kitu kimoja, kamera na kulenga kwenye yale magemu unayomwona mtu wako kwa mgongoni. Nimechagua sita maana nyingine zinafanana sana, na kuna wawili watatu walituma matusi tu bila swali, hao tumewasamehe.

Kaka za kazi. Mi nacheza PUBG Mobile upande wa TPP, ule wa kamera ya mgongoni. Najibanza kwenye ukuta, adui namwona vizuri kabisa, alama ya kulengea iko kichwani kwake, nafyatua, risasi zote zinaishia kwenye ukuta wangu mwenyewe, ye anageuka ananimaliza. Simu yangu mbovu au wanachiti? – Msomaji, Mbagala

Simu yako nzima mdogo wangu, na hapo hakuna aliyechiti. Ishu ni kwamba kamera na bunduki havikai sehemu moja. Kamera iko nyuma yako, juu kidogo, imeegemea bega la kulia, mtutu wenyewe uko chini mbele ya kifua. Sasa magemu mengi ya aina hii yanapiga hesabu mara mbili, kwanza mstari unatoka katikati ya kamera unaenda mpaka kitu cha kwanza unachokigusa, hapo ndo gemu inajua unataka kupiga wapi, halafu mstari wa pili unatoka kwenye mtutu kwenda palepale na risasi inafuata huu wa pili. Uwanja ukiwa wazi hiyo mistari inakutana vizuri tu wala huwezi kujua kama iko miwili. Ukijibanza ndo balaa, ni kama umesimama nyuma ya jamaa kwenye dirisha la tiketi, wewe unachungulia ndani kwa juu ya bega lake unaona kila kitu, yeye pua yake iko kwenye nondo. Baadhi ya magemu yanakuonyesha alama ya X pale risasi itakapogota, ukiiona usifyatue, sogea kwanza.

Cha kufanya, kaa mbali na ukuta hatua moja au mbili badala ya kuugandia, mtutu unapata nafasi. Halafu tokea upande wa kulia wa ukuta. Hii watu wengi wanacheza miaka hawaijui, kamera ikiwa bega la kulia basi ukichungulia kwa kulia unaona eneo kubwa huku mwili wako umejificha karibu wote, ukichungulia kwa kushoto inabidi utoe mwili mzima nje ndo uone kitu. Kwa hiyo ukichagua mti au kona ya nyumba ya kujificha, chagua ambayo kulia kwake ndo kunaelekea kwa adui. Washa pia Peek, ile ya kuinama pembeni, kwenye setingi ipo.

Na huyo aliyekumaliza inawezekana kabisa alikuwa anakuona muda mrefu kupitia kamera yake bila wewe kumwona, TPP ndo ilivyo. PUBG ya kompyuta ilipotoka 2017, mwaka huohuo ziliongezwa seva za FPP ambako unaona kwa macho ya mchezaji tu, hakuna kuchungulia kwa kamera. Kama hii kitu inakutesa roho jaribu huko wiki moja.

Bro nimekopi sensitiviti, ile kasi ya kamera kufuata kidole, ya mchezaji mkali wa yutuba namba kwa namba lakini bunduki inapanda mpaka mawinguni. Nimekosea wapi? – Msomaji, Eldoret

Namba uliandika sawa, ila zile ni za simu yake na vidole vyake. Yeye anaweza kuwa na tableti, anacheza vidole vinne, wewe una simu ya inchi sita na gumba mbili na kioo kina jasho, namba ileile inakuwa kitu kingine kabisa.

Pia inaonekana hujatofautisha zile sehemu. Sensitiviti ya kamera inafanya kazi ukiwa unatazama tu na kulenga bila kufyatua. Ile ya ADS inaingia pale risasi zinapotoka, yaani kidole chako kikivuta chini kuzuia bunduki isipande, namba ya ADS ndo inaamua unavuta kiasi gani. Ya jairo ni ya kuinamisha simu yenyewe. Na kila moja ina namba zake kwa kila skopu, yaani darubini ya bunduki, kuanzia bila skopu, redi doti ile ya nukta nyekundu isiyokuza, ya kukuza mara mbili, tatu, nne, mpaka nane. Sasa mtu anapandisha ya kamera wiki nzima halafu analalamika bunduki bado inapanda, si lazima ipande, hujagusa inapohusika.

Ingia uwanja wa mazoezi, chukua bunduki moja tu unayoipenda, weka redi doti, simama mbele ya ukuta, mwaga magazini yote huku unavuta chini kama kawaida yako. Angalia matundu. Yakipanda juu, ongeza ADS ya redi doti kidogo kidogo, yakishuka chini ya ulipoanzia, punguza. Ikikaa sawa hamia skopu nyingine. Usiguse mbili kwa pamoja maana hutajua ipi imesaidia. Jairo mi nakushauri uiwashe kwa skopu tu kwanza, siku za mwanzo utachukia, utaona mikono inatetemeka kama una homa, ila ukizoea kurudi nyuma ni kazi.

Anko, mtaani kwetu kibanda kina PS2 na GTA San Andreas. Nikishika kitufe cha R1 ananilengea bibi anayepita na mkoba, jambazi yuko pembeni ananimiminia risasi. – Msomaji wa darasa la saba, Dodoma

Hahaa, yule bibi kila mtu ameshamlenga. Gemu ile ni ya 2004 na R1 inashika mtu kwa kujichagulia, haijui nani mbaya nani mpita njia, inaangalia nani yuko karibu na mbele yako. Ukiwa umeshikilia R1 bonyeza L2 au R2, shabaha inahamia kwa mtu mwingine. Ndo hivyo tu, wenye kibanda huwa hawawaambii. Geuza kwanza mwili umwelekee jambazi kabla ya kushika R1, sio unashika halafu ndo unatafuta. Kale kapembetatu kanakotokea juu ya mtu kanakuonyesha afya yake, kakiwa kijani bado mzima, kakienda kwenye wekundu na weusi anakaribia kwisha. Na ukiitumia sana bunduki moja ujuzi unapanda, inashika watu wa mbali zaidi.

GTA IV ya 2008 walirekebisha, trigi, kile kitufe cha nyuma ya pedi cha kulengea, ukiibonyeza nusu unalenga mwenyewe, ukiibonyeza mpaka mwisho inashika mtu. Kwenye GTA V unachagua kwenye setingi kabisa usaidiwe kiasi gani. Ukimaliza mtihani utazifikia, sa hivi soma.

Mbona kamera yangu yazunguka pole pole yenyewe bila mimi kugusa kitu? Nikilenga inahamia kushoto. Pedi yangu ya kuchezea haina hata mwaka. – Msomaji, Mombasa

Hiyo ni drifti ndugu yangu. Ndani ya stiki za pedi nyingi, vile vijiti vya kuzungusha kwa gumba, kuna kipande kinachosuguana kila ukizungusha, kikichakaa au kikiingia vumbi kinaiambia gemu kwamba stiki imesukumwa kumbe imetulia. Na hewa ya chumvi ya huko kwenu sidhani kama inasaidia.

Kabla hujatoa hela, ingia setingi za gemu utafute dedizoni, ni kale kaeneo ka katikati ambako gemu haisikii stiki. Iongeze kidogo kidogo mpaka kamera itulie, ikitulia simama hapohapo, maana ukiweka kubwa sana utapoteza zile sogeza ndogo za kulengea mtu wa mbali na utaanza kunitumia meseji nyingine. Ikishindikana peleka kwa fundi abadilishe stiki, sio asafishe tu, kusafisha mara nyingi kunasaidia kwa muda halafu inarudi. Ukinunua mpya ulizia zenye stiki za sumaku, zile za Hall, hazina cha kusuguana hapo kwa hiyo zinadumu zaidi.

Mzee mwenzangu, nimerudia Resident Evil 4 ya zamani, hivi kwa nini Leon, yule unayemchezesha, akiinua bunduki anaganda kama sanamu? – Msomaji, Bujumbura

Walitaka iwe hivyo. Ile ya 2005 ndo ilileta kamera ya begani kwenye hiyo mfululizo, za kabla yake kamera zilikuwa zimekaa sehemu moja ya chumba. Kukufanya uchague kati ya kukimbia na kupiga ndo hofu yenyewe, wanakijiji wanakuja na mapanga na wewe miguu imefungwa. Mi naona bado inafanya kazi kuliko magemu mengi ya leo ambayo unakimbia huku unapiga huku unaruka. Kama huvumilii, ya 2023 iliyotengenezwa upya Leon anatembea huku analenga.

Samahani kaka, mimi na mume wangu tunatumia PS4 moja. Yeye akisukuma stiki juu kamera inaangalia chini, anasema ndo sahihi. Kila nikikaa kucheza naangalia sakafu, nikibadilisha ananuna. Nani yuko sawa? – Dada, Kigali

Ndoa za watu siingilii dada. Wote mko sawa, wengi wanaopenda kinyume walianzia magemu ya ndege, huko ukivuta stiki kwako pua ya ndege inapanda, mkono ukishazoea hivyo hautoki kirahisi. Mwambie asiache kulenga kwake ila tengenezeni akaunti mbili kwenye hiyo PS4, kila mtu aingie na ya kwake, setingi za gemu kwa kawaida zinakaa kwenye sevu, ile kumbukumbu ya ulipofikia, ya kila akaunti. Na sevu zenu pia zitatengana, asije siku moja akakufutia ya kwako kwa bahati mbaya.