Mwanangu, boksi likifika limelala nani atamwambia mteja?

Mwanangu,

Asalam alaykum. Voisi yako nimeisikiliza usiku, asubuhi nikairudia maana kelele za daladala zilikuwa nyingi, lakini nimekupata. Unataka kuacha kazi ya ofisini uanze kuleta stroberi za Lushoto huko Dar, uzipange kwenye boksi za plastiki, upige picha uweke status, watu watoe oda, bodaboda apeleke, na unachotaka kwangu ni kukwambia boksi moja uliuze shilingi ngapi na je mi naonaje. Bei sijui mama, bei ya Dar mnaijua nyie mnaokaa Dar. Ila hilo boksi lako limenikaa kichwani tangu jana mpaka nimeshindwa kuendelea na mambo yangu, ndo maana nakuandikia, kwenye voisi nitakatika katikati.

Si mnakumbuka nilivyokuwa nawaambia, tunda linanunuliwa kwa pua. Macho yanadanganyika, mkono unaumiza mali ya watu, pua ndo haina upendeleo. Embe unanusa kwenye kikonyo, nanasi unanusa kitako, na stroberi ndo kabisa, stroberi nzuri huhitaji hata kuinama, ukifika mlangoni tu unajua gari la Lushoto limeshaingia. Sasa mtu yuko zake Mikocheni kajilaza anaangalia picha kwenye simu, atanusa nini? Na jambo jingine, marehemu baba yako na ubwana shamba wake alilisema mezani mpaka mkawa mnamalizia wenyewe, stroberi ikishachumwa haiivi tena. Ndizi utaivundika, embe utalifunika na gunia litaiva, stroberi hapana, itazidi wekundu kidogo lakini utamu ni uleule iliotoka nao shambani. Kwa hiyo mchumaji mwenye haraka anazichuma zikiwa bado zina mabega meupe pale karibu na kikonyo ili zivumilie safari, zinageuzwa kichwa chini kwenye boksi, kwenye picha nyekundu tupu, mdomoni chachu kama nini. Mteja atakuja kujua pesa ishatumwa zamani.

Ndo nikalikumbuka duka la kona. Ulikuwa mdogo lakini najua hujalisahau, lile la hapa Tanga mjini upande wa Uhuru Park, chini ya ghorofa lenye roshani ya mbao, la yule mzee wa Kihindi mliyekuwa mnamwita Babu Peremende. Ukiingia kwanza unapigwa na harufu ya mafuta ya taa na sabuni za vipande, halafu iliki, halafu magunia ya mchele yamekunjwa midomo, na kaunta ile ya mbao imelainika kwa viwiko vya watu. Stroberi alikuwa haziweki mbele kabisa. Zilikaa nyuma kwenye kabati la waya, mbali na mafuta ya taa na dagaa zisije kushika harufu, zimepangwa kwenye ungo juu ya jani la mgomba safu moja tu, hakuna inayolalia mwenzake, kila moja na kikonyo chake na vijani vyake. Anaishika kwa kikonyo kwa vidole viwili, anaigeuza, anaangalia tumbo, ndo anaiweka kwenye mizani. Ile mizani ya shaba yenye mawe. Ikishalala sawa anaongeza moja juu, ile ya nyongeza, na hiyo ya nyongeza siku zote ilikuwa kubwa kuliko zote, sijui alikuwa anaitafutia wapi. Halafu gazeti, analikunja pembe, anafunga mdomo, anakupa kwa mikono miwili. Na hakuwa nazo kila siku. Gari likishuka na mzigo zipo, lisiposhuka hazipo, na hakuna aliyemlalamikia kwa hilo.

Sasa kile kisa cha posa ya dada yako, najua mnakijua nusu, ile nusu aliyoisimulia baba yenu huku anacheka. Ngoja nikupe na nusu yangu.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 1997, zile mvua za El Niño, unajua zilivyokuwa, mji mzima unanuka unyevu na nguo hazikauki. Wageni wanatoka Pangani, wazee watupu, na shangazi yako alikuwa amenitia maneno kwamba wale watu wana makuu, wameshazoea mambo mazuri. Nikasema nitawapa maziwa ya baridi na stroberi, kitu ambacho Pangani hawakioni. Nikavaa buibui langu nikaenda mpaka dukani mchana na matope yale. Nimefika, nakuta watu wamejaa, na yule jirani yetu wa barabara ya nane yupo pale kwenye benchi, simtaji jina, Mungu amrehemu. Nikamwambia mzee nataka kilo nzima. Akaenda nyuma, nikamuona anainua jani, anainama ananusa, anakaa kimya, ananusa tena. Akarudi mikono mitupu. "Mama, hizi si zako. Zimelala."

Nikamwambia nina wageni. Akasema gari lilikwama milimani kwa ajili ya tope, zimelala njiani, na shambani zilinyeshewa, stroberi iliyonyeshewa haifiki keshokutwa. Nikamwambia mzee nazitaka leo, si keshokutwa, saa kumi zinaliwa. Hapana. Nikamwambia basi nipunguzie. Akanitazama kama nimemtukana, akasema hata bure hatoi. Mbele ya watu wote wale! Nikatoka na pesa yangu mkononi.

Wageni wakanywa sharubati ya ukwaju, wakala kaimati na vitumbua, wakashukuru, posa ikapita, dada yako huyo na watoto wake leo. Hilo halikuniuma. Lililoniuma ni jioni, shangazi yako anarudi kutoka sokoni ananiambia barabara nzima wanasema mama fulani kanyimwa bidhaa kwa sababu ya deni. Deni! Mimi! Ndani ya daftari la yule mzee jina langu halikuwahi kuvuka mwisho wa mwezi, hata mwaka 1983 ule wa wahujumu uchumi, wenye maduka wamefunga milango kwa hofu na sabuni unaitafuta kama dawa, sikuwahi kudaiwa na mtu. Na jirani yule alisikia kila neno, alikuwa amekaa pale pale, na bado akasema alivyosema.

Kesho yake asubuhi, si ya mapema sana, watu washaamka wote wapo barazani, yule kijana wa dukani anakuja na baiskeli, anapiga kengele toka mwanzo wa barabara, anauliza kila mlango kwa mama fulani ni wapi, na alikuwa anapajua vizuri tu, kila wiki alikuwa analeta unga. Kikapu kimefunikwa jani la mgomba, stroberi za alfajiri, bado zina ubaridi wa mlimani, harufu ikajaa mpaka uani. Na kikaratasi juu. Baba yako akakisoma akaanza kucheka hakuweza kusimama. Bei kamili. Hajapunguza hata senti. Na chini kaandika, lipa ukipita.

Miaka yote hii najiuliza, ule ulikuwa msamaha au ilikuwa biashara? Baba yako alisema mzee kamaliza kila kitu kwa kengele ya baiskeli, maana asiyekopeshwa haletewi mzigo nyumbani bila kulipa kwanza, na barabara nzima ilijionea. Inawezekana. Lakini mimi nasema mtu mzima angenivuta pembeni, angeninong'oneza, mbona kupima vipande vya sabuni aliweza kunong'ona na watu. Halafu nikifikiri tena, angenong'ona wale wengine wangejuaje kwamba zimelala? Pengine wangezinunua wao. Aliwaambia wote kwa kupitia mimi, sawa, lakini kwa nini iwe mimi, siku ile? Hapo ndo huwa nakwama. Nilikwenda nikamlipa siku hiyo hiyo na sikumsemesha mpaka mwezi ukaandama, yeye wala hakuonekana kujua kwamba nimemnunia, ananiwekea nyongeza kama kawaida.

Lakini naomba unielewe, pamoja na hasira zangu zote, sikuwahi kwenda kununua kwingine. Ukitoka pale na kifurushi chako huna haja ya kufungua kuangalia. Sasa hivi pale wameligawa frem tatu, moja makava ya simu, moja wakala wa pesa, moja imefungwa, watoto wa mzee walihamia Kanada na ile kaunta sijui nani aliichukua. Hapa mjini stroberi ninazikuta mara mojamoja kwenye friji la supamaketi, boksi limefunikwa na nailoni, umande umejaa ndani, unaligeuza chini unaona limeshatoa maji mekundu na ile moja ya pembeni ina manyoya ya kijivu. Namuuliza binti wa kaunta hizi za lini, ananisomea tarehe iliyobandikwa. Simlaumu, yeye hakuzipokea, hakuzinusa, kazi yake kupiga mashine. Tunda linanunuliwa kwa pua mwanangu, na kama pua ya mnunuzi imezibwa na nailoni basi pua ya muuzaji lazima ifanye kazi ya watu wawili.

Kwa hiyo mi swali langu si bei. Swali langu ni nani atakuwa ananusa. Lushoto iko juu, mita kama 1,400 hivi, asubuhi kule unavaa sweta, na ndo maana stroberi na maplamu na mapeasi yanakubali. Zinashushwa na zile kona za Soni mpaka Mombo kwenye joto, halafu usiku kucha kwenye basi mpaka Dar, halafu bodaboda na jua la saa saba. Baba yako alisema stroberi ingependa baridi ya karibu kuganda, nyuzi 0 mpaka 2, na hata huko ule ukungu wa kijivu haufi, unakwenda polepole tu. Hapo ndo utavuna au utaliwa. Ziwe zimechumwa alfajiri kabla jua halijazipata, na kikonyo, wasizioshe kamwe, anayezila ndo aoshe muda wa kula, zikae safu moja au mbili zisizidi, boksi liwe na matundu, na wewe mwenyewe ufungue kila moja kabla halijatoka. Ukiona moja imeota ukungu, itoe na majirani zake, itawaambukiza. Zile zilizolegea tu, hazijaota, usizitupe, chemsha na sukari na ukamulie ndimu, stroberi peke yake haigandi vizuri, ndimu ndo inaishika, upate jemu, watu wa shamba la Irente wamejulikana miaka mingi kwa jemu na jibini, kwa hiyo soko lipo. Na kabla ya kula mteja azitoe kwenye friji zipungue ubaridi kidogo, stroberi ya baridi sana haina harufu, na isiyo na harufu umekula nini?

Halafu itakuja siku ya mvua. Basi limechelewa, oda ziko nyingi, wameshakutumia pesa, mmoja ana sherehe ya mtoto anakupigia simu kila baada ya dakika tano. Unafungua boksi, unainama, zimelala. Kwa macho huwezi kuona kitu, picha ya jana bado inafanana nazo. Utamrudishia pesa yake aanze kukusema kwenye magrupu kwamba wewe tapeli? Mi nilikuwa mteja nikasemwa barabara nzima, kwa hiyo najua mteja wako atakavyonuna, na najua wewe unavyoumia ukisemwa, umenirithi mimi hapo, baba yako alikuwa hajali. Lakini ukimpelekea, basi wewe na lile friji la supamaketi mna tofauti gani?

Unataka niseme ndiyo au hapana, nakusikia. Mumeo ana kazi, mtoto bado mdogo, mshahara wako si mkubwa lakini unaingia kila mwezi. Na mi nakuona tangu utotoni wewe ndo uliyekuwa unanusa vitu, mwenzio anakula. Nikisema acha utasema mama alinizuia, nikisema anza na stroberi za mwezi wako wa kwanza zikaoza zote, hapo napo nitakosa usingizi mimi. Shangazi yako anapanda Lushoto Ijumaa kwenye harusi, nimemwambia awaulizie wakina mama wa Soni wanauzaje shambani, na wanachuma saa ngapi, hasa hilo la saa, akirudi nakupigia. Usiandike barua ya kazini kabla sijakupigia. Ningekuwa mimi, na miguu hii ingekuwa ya umri wako... haya, siyo mimi, nisiseme.

Msalimie mumeo. Mwambie mjukuu wangu zambarau za uani zimeanza kudondoka na popo wanazimaliza usiku, mlete wikiendi hii.

Mama