Ndege dhidi ya nyambizi kwenye Axis & Allies

Huu ni mchezo wa ubao wa vita, na mwenzako anayesema ndege zako hazikuweza kuipiga nyambizi yuko sahihi. Umepeleka ndege mbili kushambulia nyambizi iliyo peke yake, na bila destroya yako (manowari ya kuwinda nyambizi) katika eneo hilo la bahari ndege haziwezi kuipiga, hata dadu zikitua 1 zote, namba iliyo bora kuliko zote. Nayo nyambizi haiwezi kudungua ndege kamwe, kwa hiyo vita vyenu vilikuwa bure tu.

Kila kitu hapa kinategemea destroya. Adui asipokuwa nayo, nyambizi huchagua mwanzoni mwa kila raundi: izame na kuondoka vitani, au irushe dadu kabla ya wengine. Ikishambulia hupiga dadu ikitua 1 au 2, ikijilinda ni ikitua 1 pekee. Meli iliyozamishwa kwenye shambulio hilo la kushtukiza huondolewa papo hapo bila kujibu. Ndiyo maana kruza (manowari kubwa kuliko destroya) iliyoachwa peke yake inaweza kuzamishwa na nyambizi moja ya bei rahisi, na wachezaji wengi huona huo ni uonevu. Ni kanuni!

Destroya moja inatosha kufuta haya yote, hata mbele ya nyambizi tano. Lakini ikizamishwa, raundi inayofuata nyambizi zinarudishiwa uwezo wao, basi usiwe mwepesi kuitoa kama hasara ya kwanza kwa sababu tu ni nafuu. Kwenye mwendo pia ni vivyo hivyo: nyambizi hupita chini ya meli za adui bila kusimama, isipokuwa ikikuta destroya.