Re: Probox inavuja maji upande wa mkanda, nibadili gasketi tu (karatasi ya kuziba kati ya pampu na injini) au pampu ya maji nzima?

Mkuu, angalia kile kitundu kidogo chini ya shafti ya pampu. Kama maji yanachuruzika hapo, sili ya ndani imekwisha, gasketi haitakusaidia. Badili pampu nzima. Kwa injini ya 1NZ, iliyomo kwenye Probox nyingi, kazi hii unaifanya nyumbani bila shida, maana pampu inazungushwa na mkanda wa nje, cheni ya taimingi (ile ya ndani ya injini) huigusi.

Injini ipoe kabisa, ndipo umwage maji. Boliti za puli, lile gurudumu la pampu linalopitiwa na mkanda, zilegeze mkanda ukiwa bado umekaza, la sivyo puli itazunguka na spana yako.

Penye kazi ni kukwangua gasketi ya zamani. Mimi mara ya kwanza nilitumia bisibisi, nikaikwaruza aluminiamu, baada ya siku mbili tone likarudi palepale. Tumia kipande cha plastiki ngumu, ukipitisha ukucha usikwame popote. Gasketi mpya ifunge kavu. Silikoni ya kupaka kama siagi humeguka ikaenda kuziba rejeta. Boliti kaza kidogo kidogo kwa kupishana, hizo za spana namba 10 hukatika upesi.

Ukijaza kulanti (maji ya kupozea injini) acha mfuniko wazi, washa hita, subiri mapovu yaishe. Na mkanda ukiwa na nyufa usiurudishe.