Ukitaka Kubuni Risasi Yako, Anza na Kilicho Nyuma ya Mbweha

Wiki iliyopita mzee niliyewahi kumfanyia kazi kule Karoo, Afrika Kusini, alinitumia picha ya shabaha. Matundu matano kutoka mita 100, na sarafu ya shilingi mia mbili inayafunika yote. Risasi iliyoyatoboa niliichora mimi, hapa hapa Tabora, kwa penseli na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Nikaweka picha kwenye stetasi. Ujumbe wa kwanza ukatoka Kasulu: "Shikamoo kaka. Nami nataka kubuni ya kwangu, iwe na kasi kuliko zote. Mbweha wamenimalizia kuku, ngedere wamemaliza mahindi. Naanzia wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa kwa sababu najua wenye kiu kama yako ni wengi, na kiu hiyo ni ya heshima.

Kwanza sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha au risasi bila leseni, basi usithubutu kujaza baruti kwenye ganda hata moja nyuma ya nyumba. Kuchora tu si kutengeneza. Mimi nachora Tabora, na chuma kinakatwa kule kwa mzee, mwenye leseni ya ufundi. Bunduki ni yake. Nikienda, napiga yeye akiwa pembeni yangu. Ngedere nao waache. Wanyamapori ni mali ya umma chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2009, na usiwinde hata mmoja bila kibali. Tena ninyi wa Kigoma mna sokwe hata nje ya Gombe na Mahale. Mtu anayefyatua kwenye matawi yanayotikisika hajui anampiga nani. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Sasa nikueleze nilivyofika hapo.

Nilikwenda Karoo kama mkerezaji wa vyuma. Karakana ya kwanza ilinipa ufagio wa kuzoa chenga. Nilipomwonyesha msimamizi mchoro wangu wa kwanza, aliucheka mbele ya wateja, akasema mtu aliyetoka kwenye nchi ya magobore anajifanya mbunifu wa risasi. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Babu zetu walikuwa na magobore mikononi mwaka 1871, Mirambo alipofunga njia ya misafara na kuwatikisa matajiri wa Unyanyembe. Baruti hatukuanza kuinusa jana. Nilihama karakana ile, na mchoro wangu nikauchukua.

Mzee wa pili alikuwa fundi bunduki na mfugaji wa kondoo. Mbweha wa mgongo mweusi walikuwa wanawala wanakondoo kila msimu wa kuzaa. Nikamwekea mchoro mezani, nikaanza kumhesabia kasi. Aliniacha nimalize, kisha akauliza: "Nyuma ya mbweha kuna nini?" Sikuwa nimelifikiria swali hilo, maana hakuna kitabu nilichosoma kilichokuwa nalo. Alinitoa nje akanionyesha: mawe kila upande, na nyuma ya mawe kondoo wake, na nyuma ya kondoo nyumba ya mchungaji. Kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka, kikiwa kigumu na kugonga jiwe pale kinaruka na kwenda kusikojulikana. Kichwa chepesi chenye gamba jembamba, kikienda kwa kasi ya kutosha, kwa kawaida kinavunjika vipande kinapogonga. Hata hivyo hafyatui ovyo, kwa sababu "kwa kawaida" si sawa na "siku zote".

Tangu siku ile nachora nikianzia nyuma ya mnyama na kurudi mtutuni. Na Tabora nimeona swali lake ni zito kuliko Karoo. Ukiwa Sikonge au Urambo unaona miti ya miombo tu, kumbe humo yumo mrina asali kwenye mizinga yake, mtoto na ng'ombe, mama na kuni.

Wewe umeandika "kasi kuliko zote". Kasi ilishatafutwa. Mwaka 1935 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi iitwayo .220 Swift, yenye kichwa cha greni 48, yaani gramu 3.1, kikitoka kwa zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Ilipata sifa ya kasi, na papo hapo sifa ya kula mitutu, kwa sababu baruti nyingi ikipita kwenye tundu dogo inachoma koo la mtutu, pale kichwa kinapoanza safari yake. Kwa mbweha wa mita 120 wa nini moto wote huo? Risasi ya .22 Hornet ya mwaka 1930, yenye ganda dogo na baruti kidogo, ilimtosha mkulima mwenye subira, na inamtosha bado.

Nami nikachukua ganda la Hornet na kulibana shingo, pale linaposhika kichwa, mpaka litoshe kichwa cha kipenyo cha milimita 5. Najua Marekani wapo waliolibana hivyo kabla yangu. Pembe ya bega, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, na urefu wa shingo ni vyangu. Milimita 5 niliichagua kwa sababu tangu risasi ya .204 Ruger itoke mwaka 2004 vichwa vya kaliba hiyo vinapatikana, vile vya greni 32 hasa. Shika hili: ganda liwe la dukani, kiwashio cha dukani, kichwa cha dukani. Chako ni umbo tu. Anayebuni vyote anaishia na mchoro mzuri usio na cha kupakia.

Jambo lililotuchukua muda mrefu ni shingo. Ukilibana ganda, shaba haipotei. Ukuta wa shingo unanenepa. Chemba, yaani sehemu ya mtutu inayopokea risasi, isipouachia nafasi, shingo inashindwa kutanuka na kukiachia kichwa, na shinikizo linaweza kupanda mpaka bunduki ikapasuka usoni pako. Kwa hiyo chora ukuta wa shingo baada ya kubanwa, usichore ule wa ganda la kiwandani. Ganda la Hornet nalo ni jembamba kama karatasi ya sigara. Ukilisukuma kwa mkupuo mmoja linajikunja begani. Libane kwa hatua, na kila hatua pima. Pima tena. Vijana wengi wanapenda kuchora bega kali kwa sababu linapendeza kwenye karatasi, halafu kupima wanaona uvivu. Ubunifu wa risasi ni kupima, mdogo wangu. Asiye na moyo wa kupima aende akachonge vinyago.

Kuna na joto. Baruti tuliyoichagua ilijaribiwa Karoo mwezi wa saba, asubuhi maji yameganda kwenye ndoo. Mwezi wa kumi bunduki iliyoachwa juani Tabora inaweza kushindwa kushikika, na baruti iliyopata joto inawaka na shinikizo kubwa zaidi. Kipimo cha baruti kilichokuwa salama kwenye baridi ile kingeweza kupita kikomo cha usalama kwenye joto kama hili. Nilimwomba mzee arudie majaribio yote wakati wa joto, kuanzia kipimo cha chini, na akakubali. Kipimo chenyewe sikuandikii, hata ukiniomba. Kila mtutu una chake, na anayekitafuta ni fundi mwenye leseni na vifaa.

Kwa kuku wako, jenga banda lenye msingi wa mawe na wavu ulioingia ardhini, leo si kesho. Ukiwa na leseni ya bunduki ndogo ya dukani, itumie hiyo kwa kibali. Huku ukichora, pata michoro ya maganda yaliyopo ya C.I.P., tume ya kimataifa inayoweka viwango vya silaha na risasi, ujifunze kusoma vipimo vyake mpaka uweze kuvinakili bila kutazama. Kisha nitumie mchoro wako. Juu kabisa ya karatasi uandike mnyama, umbali, na kilicho nyuma yake. Nikikuta umeanza na kasi, nitakurudishia.