Kwa Wanaoanza Kukusanya Gemu za Video za Zamani: Namna ya Kutambua Kaseti na Vifaa Halisi

Mtu anayeanza kukusanya gemu za video za zamani huwa na haraka ya kujua zipi zina thamani kubwa, na ni haki yake, lakini elimu itakayoulinda mfuko wake ni ile ya kujua kaseti, diski, maboksi na pedi zilivyotoka kiwandani. Aliyekwisha kujua jinsi kitu halisi kilivyotengenezwa hapati shida kubwa kukigundua cha bandia, kwa sababu mghushi hutumia nguvu zake kwenye sehemu zinazoonekana katika picha ya tangazo, na mara chache hujisumbua na yaliyofichika ndani. Ushauri wangu wote unaofuata unatokana na jambo hilo.

Kwanza, jifunge kwenye mashine moja kwa muda wa kutosha. Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, na NES, iliyoingia Marekani mwaka 1985, ni ndugu wa damu, ila kaseti ya ile ya kwanza ina pini 60 na ya pili ina pini 72, magamba yao hayafanani, maboksi yao hayafanani, na mtu aliyebobea katika moja bado ni mgeni katika nyingine. Ukishachagua, nunua gemu za kawaida kabisa, kama zile za besiboli ambazo hakuna anayezigombania, kwa kuwa hazimlipi mghushi na kwa hiyo karibu zote ni halisi. Hizo ndizo zitakuwa vipimo vyako. Zishike, zipime uzito mkononi, zifungue, tazama rangi ya bodi na maandishi yake, kisha kila utakayotaka kuinunua kwa bei kubwa ilinganishe na hizo za kiwanda kilekile na za miaka ileile. Picha za mtandaoni husaidia, lakini hazitoshi, maana haziwezi kukuonyesha ugumu wa plastiki wala mng'ao wa karatasi.

Uchunguzi wa nje huanza na lebo. Tumia kioo cha kukuzia: machapisho ya kiwandani ya miaka ya 1980 na 1990 kwa kawaida huonyesha vidoto vya rangi vilivyopangwa kwa utaratibu unaojirudia, ilhali printa za nyumbani hutawanya wino ovyo, na maandishi meusi ambayo kiwandani yalichapwa kwa wino mmoja huonekana yana kingo za rangi rangi. Kaseti nyingi za Game Boy na Game Boy Advance, mashine za mkononi za Nintendo, zina tarakimu mbili, pengine zikifuatwa na herufi, zilizobonyezwa kwenye lebo bila wino wowote, ambazo utaziona tu ukiinamisha kaseti kwenye mwanga. Tazama pia plastiki yenyewe. Gamba la Pokémon Emerald, kwa mfano, ni la kijani linalopitisha mwanga, na nimeona nyingi za kijani kizito ambazo wauzaji wake waliapa kwamba ni halisi. Skrubu nazo zina lake la kusema: Nintendo ilitumia skrubu za pekee za milimita 3.8 kwenye kaseti za NES, SNES (yaani Super Nintendo) na Nintendo 64, na zile za pembe tatu kwenye kaseti za Game Boy Advance, hivyo ukikuta skrubu ya kawaida ya msalaba mahali hapo, ujue kwamba gamba limebadilishwa au limewahi kufunguliwa. Hata hivyo usikimbilie kuhukumu, kwa sababu kaseti za mwanzo kabisa za NES zilifungwa kwa skrubu tano za kawaida zenye mfereji mmoja, na leo wakusanyaji huzitafuta kwa sababu hiyohiyo.

Kazi yenyewe iko ndani. Nunua bisibisi ya milimita 3.8, na ya milimita 4.5 kwa ajili ya mashine zenyewe za SNES na Nintendo 64. Ni vyombo vya bei ndogo, na yeyote anayenunua kaseti za bei kubwa bila kuwa navyo anabahatisha. Ukifungua, soma bodi. Bodi halisi ya Nintendo huwa na jina la kampuni, mwaka na namba ya aina ya bodi iliyochapwa kwa usafi. Chipu kubwa yenye programu ya gemu hubeba namba inayolingana na gemu husika, na juu yake kwa kawaida kuna tarakimu nne za tarehe: 8923 maana yake chipu ilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 1989. Hapo ndipo hesabu rahisi inapomwaibisha mghushi, kwa kuwa chipu ya mwaka 1993 haiwezi kukaa kihalali ndani ya kaseti inayodaiwa kuwa ya toleo la kwanza la mwaka 1987. Chipu halisi za programu zilikuwa za aina isiyofutika, zilizoandikwa kiwandani mara moja tu. Ukikuta chipu yenye kidirisha cha kioo kilichozibwa kwa stika, au nyaya ndogo zilizolehemiwa kwa mkono kutoka mguu mmoja hadi mwingine, unachokiangalia ama ni kaseti iliyogeuzwa ama ni nakala ya majaribio ya watengenezaji, na hiyo ya pili ni adimu kiasi kwamba haifai kudhaniwa bila ushahidi mwingine. Ukikuta bodi ambayo katikati yake kuna tone jeusi la gundi badala ya chipu, ongeza mashaka, ila kumbuka kwamba zimo kaseti halisi chache za miaka hiyo zilizotengenezwa hivyo.

Betri inastahili fungu lake, kwa sababu watu wengi huisoma vibaya. Katika kaseti za zamani betri ilitunza kumbukumbu ya mchezaji, na kiwandani vibati vyake vilichomelewa kwenye betri yenyewe. Betri iliyofungwa kwa utepe wa umeme imewekwa baadaye, jambo ambalo si dhambi, mradi muuzaji aseme. Pokémon ndizo zinazoghushiwa kupita kiasi, na ndizo zinazofundisha vizuri. Gold na Silver hutumia betri ya CR2025 kwa kumbukumbu na kwa saa ya ndani pia, ndiyo maana nyingi zimekwisha nguvu. Ruby, Sapphire na Emerald hutumia betri kwa saa tu, hivyo betri ikifa gemu hutoa taarifa lakini huendelea kuhifadhi mchezo. FireRed na LeafGreen hazina betri kabisa. Basi mtu akikuuzia FireRed yenye betri, au Ruby inayopoteza mchezo uliohifadhiwa kila inapozimwa, umepata jibu bila kuhitaji kioo cha kukuzia. Kwenye Game Boy Advance unaweza kuchungulia hata kabla ya kufungua: ndani ya mlango wa kaseti, juu kidogo ya meno ya shaba, jina la Nintendo limechapwa kwenye bodi. Waghushi wa siku hizi hujaribu kuliiga, ila mara nyingi herufi zao huwa nono au zimekaa upande.

Usichukue alama moja ukaifanya hakimu. Hiki ndicho kizingiti ambacho wengi wanaoanza hujikwaa, kwa sababu wamesoma kwamba kaseti halisi huwa hivi au vile, kisha wanaitupa iliyo halali kabisa. Kaseti za Electronic Arts za Sega Mega Drive zina umbo lake na kipande cha njano ubavuni, na ni halisi, maana kampuni hiyo ilijitengenezea zake. Kaseti nyeusi za NES za kampuni ya Tengen zilitolewa bila leseni ya Nintendo, na Tetris ya Tengen iliondolewa madukani mwaka 1989 kwa amri ya mahakama, lakini ni bidhaa ya wakati wake na ina wanunuzi wake. Kutokuwa na leseni ni jambo moja na kughushi ni jingine. Vilevile wapo mafundi wanaotengeneza nakala za kisasa na kuziuza wakisema wazi kwamba ni nakala. Tatizo huanza kitu hicho kinapofika mkono wa tatu na maelezo yake yakapotea njiani. Upande wa Neo Geo ya kampuni ya SNK hali ni ngumu zaidi, kwani bodi za kaseti za mashine za ukumbini zimegeuzwa na kuingizwa katika magamba ya AES, mashine ya nyumbani ya mwaka 1990, ambayo bei zake ni kubwa mno. Huko chipu zenyewe zinaweza kuwa halisi ilhali kaseti nzima ni ya uongo, hivyo mgeni na akae mbali hadi awe na mtu mwenye uzoefu wa kumfungulia na kumsomea bodi.

Kwa vitu adimu kupindukia, bodi peke yake haimalizi kesi, na hapo ndipo historia ya umiliki inapoanza kuwa na uzito. Kaseti za mashindano ya Nintendo World Championships ya mwaka 1990 zinahesabika kuwa 90 za kijivu na 26 za dhahabu. Kitu cha namna hiyo kikitokea ghafla kwa mtu asiyeweza kueleza kilimfikiaje, kataa kwa adabu. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Atari. Mwaka 1983 kampuni hiyo ilizika shehena ya kaseti, zikiwemo za gemu ya E.T., katika dampo la Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 takribani 1,300 zilifukuliwa, ambapo mamia ziliuzwa na mji huo zikiwa na vyeti na vibandiko vyenye namba. Kaseti ya E.T. ni ya kawaida sana sokoni, na yeyote anaweza kuizika bustanini kwake ikachakaa. Kinachoitofautisha ile ya Alamogordo ni karatasi zake, hivyo bila hizo lipa bei ya E.T. ya kawaida.

Kuhusu maboksi ambayo hayajafunguliwa, nina msimamo ambao si kila mtu ataupenda: anayeanza asiyaguse. Mwezi Julai 2021 nakala ya Super Mario 64 iliyofungwa, yenye daraja la 9.8 kati ya 10 kutoka Wata, kampuni inayopima ubora wa gemu, ilipigwa mnada na Heritage Auctions kwa dola milioni 1.56, ingawa gemu hiyo iliuza zaidi ya nakala milioni 11. Bei za namna hiyo huwavuta waghushi, na nailoni ya kufungia ni kitu rahisi kupatikana. Maduka mengi yalikuwa na mashine zao za kufungia upya bidhaa zilizorudishwa. Nailoni ya kiwandani ya NES kwa kawaida ina mshono wa mlalo mgongoni mwa boksi, na baadhi ya maboksi ya mwanzo kabisa hayakuwa na nailoni, bali yalifungwa kwa stika. Kuujua mshono hakutoshi kumlinda mnunuzi, kwa kuwa huwezi kukifungua kitu kukikagua bila kuipoteza thamani unayoilipia.

Diski ni nyepesi kidogo. Nyingi za PlayStation ya kwanza zina mgongo mweusi, lakini diski tupu nyeusi za kuchomea nazo zipo, kwa hiyo usiridhike na rangi. Soma mduara wa ndani unaong'aa: diski iliyobanwa kiwandani huwa na namba zilizochorwa humo, na nyingi za baada ya mwaka 1994 zina alama ya IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi. Kisha inua diski uitazame dhidi ya taa; vitundu vinavyopitisha mwanga vinaonyesha kwamba tabaka la ndani limeanza kuoza, na hakuna dawa.

Vifaa hudharauliwa na waghushi hulijua hilo. Kadi za kumbukumbu za PlayStation 2 na pedi za GameCube zimeigwa kwa wingi, na mara nyingi uzito mdogo na vitufe vinavyocheza ndivyo vinavyoziumbua. WaveBird, pedi ya GameCube isiyotumia waya, haitumiki bila kipokezi chake, na kipokezi ndicho kinachopotea. Pedi ya Nintendo 64 ichunguze kwenye fimbo yake: ikilegea na kuzungukwa na unga mweupe, imekwisha kuliwa, hata kama gamba linang'aa. Zapper, bastola ya NES, haifanyi kazi kwenye televisheni bapa za leo, kwa hiyo usiihukumu kuwa mbovu kabla ya kuijaribu kwenye televisheni ya kichogo. La hatari zaidi ni adapta. Ile ya NES ya Marekani hutoa umeme wa AC, ilhali Famicom na Mega Drive zinahitaji DC, na plagi zinaweza kuingia bila kulalamika. Soma maandishi ya adapta na ya mashine kabla ya kuwasha, kila mara, hata kama muuzaji amesema vilikuja pamoja.

Utunzaji hauhitaji maneno mengi. Meno ya kaseti safisha kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na usiyapulizie pumzi, kwani unyevu huyachakaza. Chumvi iliyovuja kwenye betri za alkali ifute kwa siki nyeupe kidogo, kisha alkoholi. Game Gear, mashine ya mkononi ya Sega, isiyofanyiwa ukarabati ihesabu kuwa ina kapasita (vipande vya kuhifadhi umeme) zinazovuja, na Xbox ya kwanza, isipokuwa toleo la mwisho, ina kapasita ya saa inayomwaga majimaji yanayokula bodi, itoe mapema. Plastiki ya kijivu iliyogeuka njano inaweza kurudishwa kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga, lakini rangi huweza kurudi kuwa njano, nami huwa naiacha kama ilivyo.

Kwa kila kitu unachonunua weka kumbukumbu: picha ya bodi pande zote mbili, namba za chipu, jina la aliyekuuzia, bei, na orodha ya kila kilichobadilishwa, iwe betri, skrubu au lebo. Ukiuza, mpe mnunuzi kumbukumbu hiyo pamoja na kaseti.